Sinia la Mistari Mitatu

Kwa wiki tatu Mwamini alilala ameamua kuuza sinia la shaba la bibi yake, akaamka amekataa. Pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka mume wake akachoka: "Ama unauza, ama unanyamaza!" Basi akalifunga kwa kitenge, akapanda minibasi mpaka Lilongwe.

Mwenye duka, Mtanzania, alilipenda. Akaligeuza, akasugua weusi wa chini, na Mwamini akaona mistari mitatu. Kule kwao Kindu, Kongo, masinia yaliazimwa kila arusi, kwa hiyo kila nyumba ilichora alama yake chini. Ya bibi yake ilikuwa mwezi. Mistari mitatu ni ya jirani yao, Mama Tausi. Vita viliwakuta arusini, kila mtu akanyakua sinia lililokuwa karibu na kukimbia.

"Mama, unauza au huuzi?"

"Mi sijui tena."

La bibi yake angeliuza, na bibi angemsamehe. Lakini amana ya mtu, ataiuzaje?

Akalifunga tena. Njia nzima ya kurudi aliomba jambo moja tu: Mama Tausi naye, popote alipo, aligeuze lile aliloshika kabla ya kuliuza.