Mama Wawili wa Nzilani

Kalunde alikuwa na hoteli ya chai pale Mwingi, kando ya barabara ya Garissa, na kwa miaka kadhaa wateja wake walikunywa chai nyepesi kwa sababu ya hasira zake. Maziwa mazuri kuliko yote mjini yaliuzwa mlango wa pili, kwa Falis, mjane wa Abukar aliyekuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Kalunde hakutaka hata kuyanusa. Alifuata maziwa ya mbali, yaliyotiwa maji na muuzaji kabla hayajafika sokoni, na dereva wa lori akinung'unika, aliambiwa akanywe kwake.

Zamani hawakuwa hivyo. Falis aliletwa na mumewe kutoka Somalia, upande wa pili wa mpaka, mwanzoni mwa miaka ya sitini, bibi harusi asiyejua neno la Kikamba wala la Kiswahili. Kalunde ndiye aliyemfundisha kuitisha chumvi, na ndiye aliyemcheka alipokosea. Halafu ikaja njaa ya mwaka wa sitini na tano, ile ya mahindi ya manjano. Kalunde alijifungua Nzilani, homa ikamwangusha, maziwa yakamkauka. Falis wakati huo alikuwa akimnyonyesha mwanawe Muktar. Alimbeba mtoto wa jirani bila kuombwa na mtu, akampa titi la pili mpaka mama yake aliposimama tena. Kalunde hakusahau. Kila alipomtazama Nzilani akikimbia uani alijua ni nani aliyemwokoa.

Ndiyo maana, watoto walipokuwa watu wazima, akajikatia shauri kwamba Muktar amwoe Nzilani. Wenyewe walikuwa hawajaulizwa. Alijua kanisani watamsema kwa kuozesha kwa Waislamu, na mumewe Ndeti alikwisha kununa, lakini alikuwa tayari kusemwa. Alivaa gauni la Jumapili, akaenda kwa jirani yake.

Falis alicheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa shela.

"Hao? Hapana, Mama Nzilani. Hiyo haiwezekani, hata usirudie kusema."

Kalunde aliinuka akatoka, chai yake hajaigusa. Kwa hiyo Mkamba anafaa kunyonyeshwa, akawaza, lakini kuolewa hafai. Tangu siku hiyo hakumsalimia Falis tena. Nzilani akaolewa Ikutha na kijana anayeitwa Nzomo, na Falis hakualikwa kwenye arusi.

Mwishoni mwa mwaka wa themanini na tisa serikali ikaamuru kila Msomali mtu mzima apimwe, ijulikane nani ni mwananchi na nani si mwananchi. Sasa serikali ikitaka kujua mtu ni wa wapi, huwa haiendi kumuuliza jirani anayemwomba chumvi. Huweka meza, viti, na watu wa kumkazia macho. Pale mjini kamati ilikaa kwenye ukumbi wa baraza, na nje wakasimama watu waliouza nyama na vitambaa hapo miaka nenda miaka rudi, wakisubiri kuambiwa kama wapo.

Askari akaja hotelini kumwita Kalunde. Alifuata huku akifuta unga mikononi, hajui anaitiwa nini. Ndani alimkuta Falis amesimama mbele ya meza, amekonda.

"Mama," mwenyekiti wa kamati alisema, "huyu tumemwambia alete jamaa yake ambaye ni mwananchi, ama apande lori arudishwe mpakani. Kijana wake hatuwezi kumsikiza, yeye pia anapimwa. Sasa anatuambia eti ako na msichana, Nzilani wa Ndeti. Si huyo ni mtoto wako?"

"Ni wangu," Kalunde alisema. Damu ilimpanda. Alimkataa mtoto, sasa anamtaka.

"Basi anatudanganya."

Kalunde alifungua mdomo. Neno moja tu lilitosha, na maziwa ya mlango wa pili yangekwisha, na kile kicheko pia kingekwisha. Falis akamgeukia.

"Mama Nzilani, waambie. Si alinyonya kwangu? Kwa sisi, mtoto akinyonya kwako, huyo ni wako, na watoto wako ni ndugu zake mpaka kufa. Hao wakubwa hawajui hiyo maneno. Lakini wewe unajua. Wewe ulinifanyia mzaha hata, ukasema Muktar aoe dada yake. Mimi nikacheka sana."

Miaka yote ile ya chai nyepesi ikamrudia Kalunde kwa mara moja, na aibu yake ikawa kubwa kuliko hasira ilivyowahi kuwa. Mzaha. Mwenzake alidhani ni mzaha, kwa kuwa ni mama gani angeozesha ndugu kwa ndugu?

"Mama, tunangoja," mwenyekiti alisema.

"Hadanganyi," Kalunde alisema. "Nzilani ni mtoto wake. Mimi nilimzaa, yeye akamfanya aishi. Mkimpeleka mpakani, mtakuwa mmepeleka mama ya mwananchi."

Wanakamati walinong'onezana kwa muda mrefu. Mmoja alisema sheria haijui mambo ya kunyonya. Mwingine, mzee wa huko Kyuso, akasema yeye anayajua. Mwishowe Falis akaandikiwa kadi ya kuthibitisha ni mwananchi, na Kalunde akamshika mkono kumtoa nje maana mwenzake hakuwa akiona njia kwa machozi.

"Ulininyamazia kwa nini?" Falis aliuliza walipofika barabarani. Kalunde alimweleza yote. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mwaka uliofuata Nzilani alikuwa mjamzito tena. Binti yake wa kwanza alikwisha kuitwa jina la mkwewe, mama wa Nzomo, kama ilivyo desturi, na wa pili alikuwa wa kuitwa Kalunde. Ukambani bibi huisubiri zamu hiyo, kwa sababu ndivyo mtu anavyobaki duniani. Kalunde alisafiri hadi Ikutha kumwambia bintiye kwamba akizaliwa wa kike, asimwite Kalunde.

Mtoto alipojua kutembea, akina mama wawili walikwenda kumwona. Njiani polisi waliingia ndani ya basi, wakamwomba Falis kadi, wakaigeuzageuza. Kalunde hakuombwa kitu.

Walikuwa wameketi uani, Nzilani akipakua isyo jikoni, mahindi na maharagwe, alipoita kwa sauti:

"Falis, kuja ule!"

"Naja," Falis akaitika, akainuka.

Nyuma ya nyumba kakatoka katoto kamejaa vumbi, kakipiga mbio na kuitikia kwa Kikamba, kakampita bibi yake aliyeinuka, moja kwa moja kuelekea jikoni. Falis akarudi kuketi. Alijifunika uso kwa shela, akalia, na Kalunde akamsogelea akakaa naye vivyo hivyo, bega kwa bega, mpaka chakula kikapoa.