Mwalimu Asiyeamini Namba Hasi

Kaka yangu Ephraim Thurlby alifundisha hesabu nyumbani kwetu Cambridge tangu ujana wake, na muda wote huo aligombana na namba hasi kana kwamba zimemtukania mama. "Nionyesheni kondoo aliye chini ya sifuri," alizoea kusema, "nami nitamla na mifupa yake."

Wakaja wahadhiri vijana na aljebra yao mpya. Kwao herufi si kondoo, si shilingi, si kitu. Ni alama tu, na kazi yako ni kufuata kanuni. Mtihani wa chuo nao ukaelemea kwao. Wanafunzi wa kaka wakahama mmoja mmoja, akabaki Crispin Oddy, mtoto wa watu mpole, aliyejua kwamba akifeli atarudi kwa mjomba wake kukwangua ngozi za ng'ombe maisha yake yote.

Mtihani ulipokaribia, Crispin alitulilia mezani, mbele ya nyama ya kuchemsha.

"Mwalimu, hasi mara hasi inakuwaje chanya?"

"Uongo mtupu! Kula."

Nikashindwa kuvumilia. "Kaka, wewe na kichwa chako kigumu! Mtoto wa watu akanuke ngozi kwa ajili yako?"

Akanuna. Akasukuma sahani, akampa Crispin mgongo, akaanza kuuambia ukuta.

"Sikiliza. Mimi siamini hata neno moja. Usiniulize maana yake, kwa sababu haina. Alama hizi mbili zikikutana, andika hii. Kwa nini? Waulize wendawazimu walioitunga. Andika!"

Akafundisha hivyo hadi siku ya mtihani, huku akitukana. Wale wahadhiri waliosema alama hazina maana walitumia saa nzima kueleza maana ya kutokuwa na maana, vijana wakasinzia. Kaka hakuwa na la kueleza. Crispin alishika kanuni, basi.

Matokeo yakabandikwa: Crispin wa nne! Nililia kwa furaha, wala sioni haya kusema. Jumatatu iliyofuata mlangoni petu palijaa vijana wa chuo wenye majoho meusi, wanasukumana.

"Sasa unaziamini, kaka?" nikamuuliza.

"Thubutu!" akasema, akifunga vifungo vya koti. "Siku nikiziamini nitaanza kuzieleza, na hawa wote watafeli."