Ushuhuda Wangu wa Pili

Safari hii ilikuwa ya viatu. Duka langu pale Morogoro lilikuwa limebakiwa na makobazi tu, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Lakini nisiwafiche: niliondoka nyumba ikiwa imepoa. Wiki mbili kabla, nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Mungu ameniponya vidonda vya tumbo. Miaka sita bila kiungulia, bila kidonge! Kanisa lilipiga vigelegele. Tangu siku ile mume wangu, mwalimu mstaafu ambaye ndiye mpishi wetu kwa kuwa mimi nashinda dukani, akawa mtu wa "ndiyo" na "hapana". Nilimuuliza kosa langu. Akajibu, "Hakuna kosa. Mungu asifiwe." Ukimjua Mwalimu, hiyo ni adhabu.

Jumatatu asubuhi alinisindikiza hadi kituo cha treni, akanikabidhi begi, akageuka bila hata kunipungia mkono. Hadi Dar nilikuwa nimenuna. Nilijiambia kwamba anaonea wivu baraka zangu.

Uwanja wa ndege wa Baiyun, kule China, nilifika kesho yake mchana. Alinipokea Mama Solange, Mkongomani wa Bukavu anayenunua bidhaa Guangzhou na kupangisha chumba kwa wageni kama mimi. Tulipanda metro hadi kwake. Mezani aliniomba nishukuru kwa ajili ya chakula, na huo ndio uwanja wangu: mimi ni katibu wa akina mama kanisani. Nilishukuru kwa pumzi, kwa uhai, kwa ulinzi wa angani na ardhini, kwa tunayoyajua na tusiyoyajua. Nilipofumbua macho, wali ulikuwa umepoa.

"Maman, ni muzuri," alisema. "Lakini hapa kwangu tuko na sheria. Kila siku unashukuru kitu moja ya jana, na unataja mutu mwenye Mungu alimutuma. 'Asante kwa yote' hatupokeaka."

"Kwa nini?"

"Ile ya yote unaweza kuisema hata umelala."

Nilicheka, kisha nikaitafuta jana yangu. Safari nzima ya ndege nilikuwa nikijumlisha makosa ya Mwalimu, na sikukumbuka hata uso mmoja. Yeye akamshukuru Mungu kwa mzee wa Kichina aliyemshikia mlango wa lifti akiwa na mizigo.

"Jina lake?" nikamtania.

"Sijue. Ila Mungu anajua ile kofia yake ya bluu."

Siku mbili zilizofuata tulishinda Zhanxi, mtaa wa viatu karibu na stesheni. Unapita ubavu ubavu, mikokoteni ikikukimbiza visigino. Wenye maduka tunawaita "laoban", yaani bosi, nao wakikosa namba unayotaka hujibu "meiyou", hakuna, bila kuinua macho. Nilibishana bei hadi sauti ikakauka, nikapata viatu vyeusi vya shule vyenye soli ya kushonwa. Na asubuhi zangu za shukrani zikaanza kupata watu: binti wa dukani aliyenipisha kiti chake, mvuta mkokoteni aliyerudi kunipa mtandio ulioanguka. Zoezi likaninogea. Nikajiona nimehitimu.

Siku ya nne tulikuwa Shahe, kwenye nguo za jumla, nikitafuta soksi. Jana yake nilikuwa nimekula tambi zinazoelea kwenye mafuta ya pilipili, na jioni kisamvu cha Mama Solange, anachokiita sombe, kikali kama mwenyewe. Tumbo likawaka moto. Maumivu yale niliyatambua kabla sijaketi. Laoban mmoja alinisogezea furushi la fulana nikae, akaniletea kikombe cha maji ya moto.

"Si ulisema Mungu alikuponesha?" Mama Solange aliuliza, bila kejeli.

"Aliniponya! Nyumbani halijaniuma miaka sita."

"Nyumbani nani anapikaka?"

"Mwalimu," nikajibu. Niliiona akilini hotpoti yangu ndogo ya mfuniko wa kijani, inayowekwa peke yake kila jioni. Miaka sita sikuwahi kujiuliza kwa nini chakula changu kina hotpoti yake. Nikakumbuka vile vigelegele, na Mwalimu akiwa ameketi safu ya nyuma. Niliona aibu ya kweli katikati ya soko. Niliogopa pia, maana mtu anaweza kuchoka kupika bila kuonekana.

Ijumaa usiku nilipanda ndege kurudi, viatu vikiwa vimetangulia kwa ndege ya mizigo. Nilifika nyumbani Jumamosi saa tisa alasiri, nikanyoosha hadi jikoni bila kuvua viatu. Mwalimu alikuwa na sufuria mbili za maharage. Kubwa ilikuwa nyekundu kwa pilipili. Ndogo ilikuwa na nazi, rangi ya maziwa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu daktari aseme una vidonda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekula? Wewe, chakula cha wagonjwa?"

Kweli, ningekisusa siku ya kwanza. "Nisamehe, Mwalimu," nikasema. "Nimemshukuru aliyetuma, nikamruka aliyetumwa."

"Mungu asifiwe," akajibu, akaendelea kukoroga.

Jumapili niliomba tena kipaza sauti. Nilisema: Mungu ameniponya, hilo silibadilishi. Ila ameniponya kwa sufuria ndogo, kila siku, miaka sita, kwa mikono ya mume wangu, na mimi sikuitazama hata mara moja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Safari hii vigelegele vilichelewa, kwa sababu watu wote walikuwa wamegeuka kutazama safu ya nyuma.

Nilichokileta kutoka Guangzhou, ukiacha viatu, ni hiki: Mungu hutuma watu, na huwezi kuwataja usipowaangalia. Mezani kwetu sasa ni kitu kimoja cha jana, na mtu mmoja. Kuna siku namtafuta kwa tochi, lakini sijawahi kumkosa.

Tukiwa njiani kutoka kanisani siku ile, karibu na nyumbani, Mwalimu alipunguza mwendo.

"Umesahau nyanya," alisema.

"Nyanya gani?"

"Zako huwa nazimenya maganda na kutoa mbegu. Ungewaambia na hilo."

Kesho yake, mezani, nilianza na nyanya.