Miche ya Bi Mwanaima Yakaa Eda Chini ya Mikuyu

Kitendawili, msomaji. Sema tega. Mwanangu akiwekwa juani huzirai, akifichwa hunenepa. Huna haja ya kutoa mji: ni kangaga, mmea wa kivulini, na anayemjua vyema yuko Galu, amepiga magoti tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Bi Mwanaima wa Kinondo ana miaka hamsini na tisa. Anachomeka kidole udongoni, chini ya mikuyu mitano ya nyumba za wageni anakotunza bustani kwa shilingi mia saba kwa siku. Kidole kinatoka cheusi.

"Jua la kaskazi lote hili, na maji yapo," asema.

Leo ni siku ya mia na ishirini na saba ya eda. Si eda yake, ni ya miche.

Mwezi wa Novemba mwenye nyumba alitaka mikuyu ikatwe ili nyasi za kufanyia harusi ziote. Zilikuwa zimepandwa mara tatu, zikaoza mara tatu. Bi Mwanaima alimkatalia meneja, Bwana Jefwa, usoni.

"Kosa si la mti, ni la aliyechagua nyasi. Nipe miezi minne na siku kumi. Ardhi ikibaki tupu, kateni, na kazi nitawaachia."

"Na wageni wakiuliza nyasi ziko wapi, niwaambie nini?"

Bi Mwanaima alichukua jembe lake akaenda zake.

Hesabu hiyo ya siku aliipata kwa uchungu. Miaka sita iliyopita mumewe, Abdurahman, alifariki. Yeye akiwa ndani anakaa eda, kitalu chake cha barabarani hakikupata wa kukimwagilia. Alipotoka, kati ya miche mia tatu na arubaini, sitini na mmoja tu ndiyo iliyokuwa hai, yote ya upande wa kivulini.

"Nililia, kisha nikaitazama vizuri. Tangu hapo simuuzii mtu mche wa kivulini ambao haujakaa eda. Haumwagiliwi, hautiwi mbolea, haubembelezwi."

Hapa alitia aina kumi na moja. Sita zimekufa, naye haoni haya. Ameziacha zikauke pale pale. Zilizosimama ni kangaga, majimbi, tangawizi mwitu na ua jeupe lenye mzizi kama kitunguu alilopewa na dada yake wa Matuga. Ya tano, manjano, imeangusha majani yote, lakini anafukua kidogo na kuonyesha jicho bichi la mzizi.

"Huyu hakufa. Amelala tu. Mvua ikimgongea atafungua."

Chirau, mkata nyasi wa upande wa juani, anapita na toroli.

"Bi Mwanaima, hao wajane wako hawajapata posa?"

"Zitakuja. Wewe lete mkeka wa kuwakalisha washenga."

Saa mbili Jefwa anafika, nyuma yake fundi na msumeno wa petroli.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Siku tatu bado."

"Mwenye nyumba amepata harusi ya Aprili, hataki kungoja."

"Eda haifupishwi kwa sababu ya harusi ya mtu." Anakaa juu ya mzizi wa mkuyu mkubwa, ananyoosha miguu. "Mwambie fundi aanzie hapa."

Fundi anaweka msumeno chini. "Mimi sikuambiwa kuna mtu," anamwambia Jefwa, na kujiegemeza kivulini.

Jefwa anatazama chini. Kangaga zimemfika magotini. Anapiga picha, anaituma, anasogea kando na simu. Anaporudi, sauti imeshuka.

"Amesema mikuyu ibaki. Harusi itakuwa ufukweni."

"Basi masika nitapanda mpaka langoni. Na mwakani nitafungua kitalu cha miche ya kivulini pekee, mwenye mti asije akadanganywa kuukata."

"Sawa, Mama. Lakini swali langu la Novemba hujanijibu. Wageni wakiuliza nyasi ziko wapi?"

Bi Mwanaima anapangusa udongo kwenye leso.

"Waambie ziko juani, kwao. Hapa pana wenyewe."