Kuchunga Pumzi ya Mtamba

Kazi ya dawa ya usingizi nilijifunza nikiwa na mvi tayari, na shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mtu asiniulize majina ya hizo dawa. Kwanza nilikuwa mtu wa josho huko Saboti, kusukuma ng'ombe waingie kwenye maji ya kuua kupe. Josho likakauka, popo wakahamia humo, nami nikahamia Matisi, mtaa wa Kitale. Hapo nikapata daktari wa mifugo, mama kijana, akanichukua kwa sababu ya mabega yangu nimshikie wanyama. Mabega yalipochoka akaniweka kichwani.

Kichwani ni hivi. Mnyama akishalala, daktari yuko upande wa kisu, mimi niko upande wa kichwa. Nagusa kope nione kama itapepesa. Nabonyeza ufizi mpaka unakuwa mweupe, naachilia, nangoja wekundu urudi. Natazama kifua kikipanda na kushuka.

"Mzee, usitazame kisu," alikuwa akinikemea. "Kisu ni changu. Wewe chunga pumzi."

Watu hudhani kukaa ni kupumzika. Kukaa huko kunachosha kuliko jembe, maana jembe utaliweka chini upanguse jasho. Pumzi utaiweka wapi? Nilichoka hivyo kwa miaka. Hata kanisani nilijikuta nachunga kifua cha mzee aliyesinzia mbele yangu, mpaka mke wangu akanifinya. Lakini nilitaka kusema habari ya mtamba wa Bungoma.

Ni miaka ile simu za mkono zilianza kufika vijijini. Kukhu mmoja, ndivyo nyanya huitwa upande huo, alikuwa na mtamba mmoja. Ng'ombe wake mzee alishaacha kuzaa, kwa hivyo maziwa ya boma hilo yote yalimngoja huyu. Sasa utumbo ulikuwa umetoka kitovuni, unaning'inia chini ya ngozi kama kibuyu. Ilibidi alazwe chali, urudishwe, ashonwe. Daktari alimpigia kukhu simu mapema: tangu jana yake mtamba asile, asinywe. Ng'ombe aliyeshiba akilala chali, tumbo huvimba likasonga mapafu, na chakula hurudi kooni.

Tulifika asubuhi. Daktari akauliza, "Kukhu, amekula?"

"Sijampa hata jani moja, mwanangu. Si ulinikataza?"

Basi mtamba akachomwa dawa, akalegea, majirani wakamgeuza chali na kumshika miguu. Daktari akapasua. Nikakaa kichwani. Mwanzoni pumzi ilikuwa ndefu, nzuri. Baadaye ikawa fupi. Ubavu wa kushoto ukapanda, ukakaza kama ngoma. Nikabonyeza ufizi, wekundu haukurudi. Ilirudi rangi ya majivu.

"Daktari, anaenda."

"Bado nyuzi kidogo, mzee."

"Anaenda, bana! Mgeuze!"

Akabana kidonda kwa kitambaa, tukamgeuza akalalia kifua. Maji mazito yakamtoka mdomoni. Nikainamisha kichwa chake, nikavuta ulimi, nikaingiza mkono kooni kuchota makapi. Daktari akapitisha mrija wa mpira kooni mpaka tumboni, hewa ikatoka ikipiga kelele, na harufu ikatujaa puani. Pombe!

"Kukhu, huyu amekula nini?"

"Hajala. Ni machicha tu ya busaa, ya matanga ya hapo jirani. Machicha nayo ni chakula?"

"Kukhu!"

"Sasa nimpeleke kwa kisu na njaa? Hata kijana anayekwenda kutahiriwa, si hupewa nyama kwa mjomba wake kwanza? Mimi nimlaze njaa huyu, mimi ni mchawi?"

Daktari aliendelea kukandamiza ubavu, hewa itoke. Nami sikuwa na nguvu ya kumkasirikia. Kifua cha mtamba kilikuwa kimetulia kabisa, nikaweka kiganja kwenye pua yake nikangoja. Halafu kitu cha vuguvugu kikanigusa mkono. Kikakawia. Kikaja kingine.

Daktari alimalizia nyuzi mtamba akiwa ameegemezwa magunia, yeye mwenyewe amelala tumbo kwenye matope ili afikie. Mimi sikuondoka kichwani. Kukhu akachuchumaa karibu yangu, kila mara ananiuliza, "Anapumua?" Namwambia anapumua. "Na sasa?" Anapumua, kukhu.

Jua lilikuwa limeinama mtamba alipojikokota akasimama, akayumba, akakohoa, akasimama tena. Alikohoa siku nyingi, tulisikia baadaye, lakini alipona. Kukhu alipiga kigelegele. Mimi nikajaribu kuinuka, nikashindwa. Daktari akanishika mkono mmoja, kukhu akashika wa pili, wakanivuta.

"Ati na mzee mlimchoma dawa?" kukhu akauliza.

"Huyu hakuchomwa," daktari akasema. "Huyu amechoka. Mwache akae."

Wakanirudisha chini polepole, nikaegemea yale magunia ya mtamba.