Mtani Tuliyemzuia Msibani

Waliokuwepo barazani kwa mdogo wangu, pale Sofu, siku ninayotaka kuieleza ni hawa. Mimi mwenyewe. Mdogo wangu, tumbo moja, aliyekuwa edani. Mwanawe wa kwanza, ambaye ananiita mama mkubwa na mimi namwita mwanangu. Mke wa kijana huyo, yaani mkwe wetu. Na bibi mmoja wa Kinyamwezi, muuza dagaa wa mtaa wa Kwa Mathias, ambaye si ndugu yetu wa damu ila ni mtani wetu. Majina yao wote ninayo kichwani, na ya baba zao ninayo, na ya babu zao. Hata mbuzi wa huyo mtani alikuwa na jina na ninalijua. Lakini mdogo wangu kaniomba nisiyaandike, nami nimemkubalia. Shule yangu ni ya ngumbaro, ya ukubwani, mnivumilie.

Nianze na utani wenyewe, maana vijana siku hizi ukiwaambia watani wanafikiri timu za mpira. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi tunataniana tangu zama za mababu. Kule Kibuta tulikokulia, msiba ukitokea watu wa nyumba wanalia na watani wanafanya vituko. Huyu kavaa kanzu ya marehemu anatembea kama yeye, yule kaingia kaburini kabla maiti haijashushwa, kalala chali, hatoki mpaka apewe kuku. Marehemu anasemwa: mchoyo huyu, mvivu huyu, kafa kukwepa palizi. Na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika.

Baba yetu alipofariki nilikuwa kigori. Mama alikaa chumbani kajikunja, hali, hasemi. Akaingia mtani, mama yake huyu muuza dagaa, kajifunga shuka la baba, mkononi ana jembe la baba, akasema, "Haya mke wangu, nimetoroka. Kule nako kuna kulima!" Mama akacheka huku machozi yanamchuruzika. Nilikimbilia uani, nilidhani mama kapata wazimu. Niliporudi nilimkuta analia kwa sauti, kashikwa na wanawake wenzie, na baada ya hapo akaomba uji. Harufu ya uji ule wa mtama naisikia mpaka leo nikiandika.

Sasa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alifariki ghafla asubuhi, anavaa viatu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mpenda chai ya tangawizi, akikohoa getini mtaa mzima unajua kafika. Walihamia Sofu miaka mingi baada ya kuondoka Kibuta, nyumba nzuri, majirani watu wa mikoa yote. Mtani wetu aliposikia msiba, alifunga meza yake ya dagaa akaja mbio, kajipaka majivu usoni kama desturi, anapiga sufuria. Mwanangu akamkuta getini.

"Bibi, naomba leo tusifanye hayo," akamwambia. "Hapa mjini. Wafanyakazi wenzangu wako ndani, watatuona hatuna adabu."

Kijana hakusema kwa ubaya, alisema kwa upole, na sisi wakubwa tulikuwepo tukanyamaza. Mtani akaweka sufuria chini, akafuta majivu kwa khanga, akasema, "Sawa, baba." Akaondoka. Msiba ukaenda kimya, na heshima, na maji ya chupa. Kila aliyeingia kwa mdogo wangu alimwambia jikaze, usilie, utaumwa. Naye akajikaza kweli. Hakutoa chozi.

Watu wakaondoka, mimi nikabaki kukaa naye eda. Ndipo nikaona. Usingizi ulimkimbia. Akiegemea mto anasema moyo unamkimbia kama mtu anayefukuzwa. Shingo inamkaza, kichwa kinagonga, mikono inatetemeka akishika kikombe. Chakula akikitia mdomoni anakigeuza geuza, kisha anakitoa. Mkwe wetu alimpikia kila kitu: wali wa nazi, kisamvu, samaki wa kuchoma. Anasema, "Ahsante mwanangu, nimeshiba," na hajala.

Tukampeleka zahanati, maana ugonjwa hauzuiwi na eda. Presha ilikuwa juu sana. Daktari, binti mdogo tu lakini mtulivu, alituuliza kuhusu msiba, akatueleza vizuri. Huu ni msongo wa mawazo, akasema. Mwili wa mtu mwenye huzuni na hofu unafanya kazi kama uko vitani, moyo unakwenda mbio, damu inasukumwa kwa nguvu, tumbo linagoma, usingizi unakataa. Ukikaa hivyo muda mrefu mwili unachoka na unaweza kupata kiharusi. Akampa vidonge, akamwambia apunguze chumvi, ale, atembee japo uani, na asikae na jambo moyoni. "Bibi, lia," akamwambia. "Zungumza na watu wako."

Mdogo wangu akaitikia, "Nimesikia, mwanangu." Tulipofika nyumbani vidonge akaviweka chini ya mto. Nilipomuuliza akasema, "Dada, nipone niende wapi?"

Hapo nilipata hofu. Mdogo wangu huyu nilimbeba mgongoni nikienda naye kisimani. Nikajua tukiendelea hivi tutamzika na yeye.

Kesho yake asubuhi nikaenda Kwa Mathias. Nilimkuta mtani kwenye meza yake, anafukuza nzi kwa gazeti. Aliponiona akageuza uso akajifanya anapanga mafungu.

"Mtani," nikamwita.

"Dagaa wa Kigoma wale pale, wa Mwanza hawa hapa. Wewe unataka wa wapi?"

"Nakutaka wewe."

"Mimi siuzwi. Na huko kwenu kuna wastaarabu, mimi nitawatia aibu."

"Mtani, mwenzio anakwisha. Hali, halali, halii. Dawa anazilalia."

Akaacha kupanga. "Halii kabisa?"

"Kabisa."

"Wazaramo nyie!" akasema, na sauti yake ikabadilika. "Mnauza mnazi mcheze ngoma, halafu kulia ndiyo mnaona haya? Haya, nishikie meza nikabadilishe khanga."

Nikauza dagaa, nikikosea bei, mpaka akarudi. Tukapanda bajaji.

Tulipofika, mdogo wangu alikuwa barazani, kakaa mkekani, macho yako mbali. Mwanangu alikuwa nyumbani siku hiyo, akasimama alipomwona mtani. Sikumpa nafasi ya kusema. Nikamwambia, "Mwanangu, kaa chini." Akakaa.

Mtani akapita moja kwa moja hadi ndani. Akatoka kavaa koti la shemeji, lile la kahawia lenye kiraka kwenye kiwiko, na kofia yake imeinama upande kama alivyokuwa anaivaa. Akaenda mpaka getini, akakohoa.

Wallahi alikohoa kikohozi chenyewe. Mkwe wetu aliangusha ungo.

"Hodi wenyewe! Chai iko wapi? Mtu anatoka safari anakuta watu wamekaa kama magunia ya mkaa!" Akaja anatembea vile vile, bega moja juu, akajibwaga kwenye kiti. "Na wewe mke wangu mbona umekonda? Nimeambiwa huli. Unanikondea mimi? Mimi niliyekuwa nakoroma mpaka kuku wanahama banda?"

Mdogo wangu akamtazama.

"Nimeambiwa na chumvi umekatazwa. Alhamdulillahi! Miaka yote nilikula mchuzi wako wa chumvi kama maji ya bahari, nikinyamaza kwa adabu, leo ndiyo daktari kanisikia!"

"Muongo!" mdogo wangu akasema. Ndilo neno la kwanza nililomsikia analitoa kwa nguvu tangu msiba. "Alikuwa anaongeza chumvi mwenyewe!"

"Nani anaongeza? Mzaramo mvivu wewe, kupika hujui, kazi yako kuchezesha mwali ngomani."

"Toka hapa, mbeba mizigo wee! Nenda kwenu ukale michembe, viazi vyenu vikavu!"

"Siendi. Nimepewa mke hapa."

Mdogo wangu akacheka. Alicheka hivi, kama mtu anayepaliwa, kisha cheko likapinduka. Akalishika lile koti kwa mikono miwili, akaweka uso wake pale kwenye kiraka, akalia. Kilio cha Kibuta, cha kuita, cha kusema: umeniacha, umeniacha viatu mguuni. Mtani hakujitoa. Akamshika kichwa, akaendelea kumtukana polepole, "Lia, mvivu wewe, lia, ulikuwa unangoja nini," na yeye mwenyewe machozi yanamdondoka juu ya kofia ya marehemu aliyoivua.

Majirani wakachungulia ukutani. Mama mmoja wa Kipare akauliza kuna nini, mkwe wetu akamjibu, "Mtani wetu kaja." Yule mama akasema, "Mmechelewa kumwita," akafungua geti akaja kukaa na sisi.

Mwanangu alikuwa kainama. Baadaye akamwendea mtani, akapiga goti. "Shikamoo bibi. Siku ile nilikosea."

"Marahaba. Lipa kuku," akajibiwa. Na alilipa, jogoo mwekundu, tena siku hiyo hiyo.

Sisemi mtani alimponya. Presha haikushuka kwa kucheka siku moja. Lakini jioni ile mdogo wangu alikula ugali kidogo na mchuzi wa dagaa, kisha akaingiza mkono chini ya mto mwenyewe, akaomba maji. Alilala. Tukaendelea na zahanati, tukaendelea na chumvi kidogo, tukawa tunazunguka uani mimi na yeye tukimsema marehemu, mazuri na mabaya. Daktari akawa anafurahi kila akipima. Mtani akawa anakuja baada ya kufunga meza, anamtukana kidogo, anakwenda. Eda ilipokwisha, safari ya kwanza ya mdogo wangu ilikuwa Kwa Mathias, kumtukana na yeye.

Mimi sasa nimerudi Kibuta. Watani wa zama zetu wamebaki wachache, na nikisikia msiba wa kimya kimya huwa nawaza yule mfiwa atalala vipi.

Nimeandika kwamba alicheka kwanza ndipo akalia. Mdogo wangu anasema ni hivyo hivyo. Mtani anasema hapana, chozi lilitangulia tangu kile kikohozi cha getini, ila mimi sikuliona. Inawezekana, macho yangu si ya zamani. Basi wewe uliyekuwepo barazani siku ile, au uliyechungulia ukutani, ukiona nimepindisha, nitumie salamu unisahihishe. Sitakasirika.