Tamasha la Metali Nililoligeuzia Mgongo

Bendi niliyoipenda kuliko zote ilikuja kupiga kijijini kwetu Kashebere, na karibu muda wote mimi niliangalia upande mwingine. Nalisema hili mapema ili msomaji asisubiri nimweleze jinsi mpiga gitaa alivyorusha kichwa au jinsi jasho la mwimbaji lilivyomiminika. Hayo nilisimuliwa na wenzangu. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kuangalia mlima.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Goma na lisansi yangu, shahada ya chuo kikuu, bila kazi ya maana isipokuwa kufundisha saa chache pale shuleni. Pamoja na lisansi nilirudi na nyimbo za bendi hiyo kwenye simu. Walikuwa vijana wa mjini waliopiga metali: gitaa zinazonguruma, ngoma zinazopigwa kwa mikono na miguu kwa kasi ambayo masikio hayaifikii, na mwimbaji anayetoa sauti chini kabisa ya tumbo kama mtu anayeng'oa kisiki. Hapa kijijini tulioupenda muziki huo tulikuwa wachache. Tulikutana kwenye kibanda cha rafiki yangu cha kuchajia simu, tukaiweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, tukainamisha vichwa. Mama mmoja muuza ndizi alikuwa akitupita kila siku.

"Mupeleke ile simu kwa fundi," alikuwa akituambia. "Inateseka."

Nyumbani tuliishi wawili, mimi na dada yangu mkubwa, yeye aliyenilea tangu mama yetu afariki. Vita vilikuwa vimemkimbiza mara nyingi. Mara ya mwisho alikaa muda mrefu kwenye kambi ya wakimbizi kule ziwani, karibu na Kirotshe, chini ya turubai. Msimu ule alikuwa amerudi, akafyeka shamba la baba lililo juu ya mlima unaotazamana na barabara, akapanda maharagwe. Kwa macho, alikuwa amerudi. Masikio yake yalikuwa bado njiani. Mlango ukijibamiza kwa upepo, yeye alikuwa tayari nyuma ya nyumba, kitenge kimefungwa. Tairi ya lori ilipopasuka sokoni, alikimbia hadi mtoni ndipo akakumbuka kwamba hakuna aliyemfuata.

Siku moja, akichambua maharagwe, aliniambia bila kuinua kichwa:

"Mudogo wangu, nikikimbia tena mara moja tu, sitarudi. Nitabakia kule Kirotshe. Nimechoka kurudi."

Nililigeuza neno hilo kwa siku nyingi, kama ninavyoligeuza kila neno. Shamba lililoachwa tena na tena huwa linapata mwenyewe mwingine. Peke yangu nisingeweza kulishika; sijui hata kupanga mistari. Lakini lililonisumbua zaidi ni yeye mwenyewe, kurudi chini ya turubai lile na kuzeekea pale. Na mimi, nikijua hivyo, nilikuwa mmoja wa watu waliokuwa wakialika kijijini ngoma zenye mlio wa bunduki ya rashasha.

Mambo yalikwenda hivi. Bendi ilikuwa imealikwa na vijana wa Walikale, na wakati wa kurudi ingepanda lori la mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, mwenye depo ya bidhaa hapa kwetu. Lori lilikuwa likileta mafuta ya mawese na kushusha sehemu yake Kashebere. Tulimwomba mwenye lori awaruhusu wapige juu yake wakati madumu yanashushwa. Alikuwa Mkatoliki wa kila misa, mtu wa kuuliza kwanza.

"Ile ni muziki ya shetani?"

"Apana, Papa," alijibu rafiki yangu wa kibanda. "Ni muziki ya kukasirika."

"Kukasirikia nani?"

Hakuna aliyekuwa amewahi kujiuliza.

"Vita," rafiki yangu alisema.

Papa, kama tunavyomwita kila mzee wa heshima hapa kwetu, alifikiri, akakuna kidevu. "Basi bakasirike mchana. Saa kumi ninazimisha jenereta yangu."

Kwa hiyo tuliitembelea milima kutangaza. Tulipita shamba kwa shamba, tukisema kwamba kesho mtasikia mlio mkubwa barabarani, si vita, ni muziki, mulime tu. Wengi walicheka. Bibi mmoja hakucheka. Alisimamisha jembe, akaliegemea kidogo.

"Sawa," alisema. "Na vita ikikuja kesho ile ile, tutajuaje ni ipi?"

Tulishuka mlima na swali hilo. Kwetu, mlio ukisikika, mtu haangalii unakotokea. Anaangalia wanaolima juu, kwa sababu wao wanaona mbali. Majembe yakiendelea kupanda na kushuka, unaendelea kupika. Majembe yakianguka, unamchukua mtoto. Kwa hiyo tukakubaliana kwamba wakati wa tamasha mmoja wetu asimame akiangalia mlima. Akiona watu wametupa majembe na kukimbia, ainue mkono, Papa azime jenereta, kisha wote tusikilize.

"Nani ataangalia?" niliuliza, na wote wakaniangalia mimi.

"Wewe unaogopa hata mbele ya kitu kufika," rafiki yangu alisema. "Njo kazi yako." Yaani hiyo ndiyo kazi yangu hasa.

Nilimwomba dada ashuke, asimame karibu nami siku hiyo. Hakutaka.

"Mumesema ni muziki. Nitalima," alisema. Kisha, akiwa anafunga kitenge, akaongeza kwa sauti ile ile: "Lakini nimeongea na shoferi wa lile kamio, lile lori la mawese, wakati alipita akienda Walikale. Kisha kupiga muziki, banateremuka kwenda Goma, batanishusha kwa njia ya Kirotshe. Nafasi iko. Nikiona siwezi, ninapanda."

Siku ya tamasha jua lilikuwa kali. Lori liliegeshwa kando ya depo, ubavu wake mmoja umefunguliwa, na wanamuziki wakasimama katikati ya madumu ya mawese waliyoyasogeza ili ngoma zipate nafasi. Watu walikuja kwa wingi kuliko tulivyotazamia. Wanakwaya walikuja na kukaa mbele. Wanawake wengi walikuja na mizigo yao midogo begani, nguo na sufuria, kwa sababu huwezi kujua. Viatu vyote vilikuwa vimefungwa kamba. Niliyaona hayo, kisha nikageuka, nikaangalia mlima. Dada alikuwa kwenye shamba letu, kitenge chake cha njano, jembe linapanda, jembe linashuka.

Mpiga ngoma hakutoa dalili yoyote. Alianza tu.

Mlio ulinipiga mgongoni. Mara ile ile nikasikia mlio mwingine ninaoujua vizuri zaidi, wa miili mingi inayojitupa kwenye nyasi. Nikageuka. Kashebere nzima ilikuwa imelala chini. Kwaya ilikuwa imelala. Mama muuza ndizi alikuwa amelala juu ya ndizi zake. Papa mwenye jenereta alikuwa amelala na kofia yake ameishika kichwani. Waliobaki wima ni wanamuziki, na mimi, niliyesahau kulala kwa sababu nilikuwa ninahesabu majembe.

Bendi ikanyamaza. Mwimbaji akainama kwenye kipaza sauti, uso umemng'aa.

"Kashebere," alisema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ilikuwa ndogo na ya adabu. "Hatuyaona bado bantu ba kutupokea hivi."

"Tumewapokea na tumbo," mwanamume mmoja alijibu kutoka chini.

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, kwanza kwa haya, watu wakijipangusa nyasi bila kutazamana, halafu kikakua. Ngoma zilipolia tena, wachache waliruka kama walioungua lakini wakabaki wima. Mwimbaji alifungua kinywa na sauti yake ile nyingine ikatoka. Nyuma yangu niliwasikia wanakwaya wakijadiliana.

"Huyu iko mugonjwa?"

"Apana, anaimba."

"Anaimba nini?"

"Sijui, lakini sauti yake inafika chini kupita besi yetu yote. Akuje kwa kwaya."

Sijui nani aliyeanza. Kwenye wimbo wa pili, ngoma za miguu zilipofika, baadhi ya vijana walijitupa chini kwa makusudi, na gitaa ziliporudi wakaruka juu wakipiga kelele. Mara kijiji kizima kikawa kinafanya hivyo, ngoma chini, gitaa juu, wazee kwa watoto. Nilitamani sana kugeuka na kuingia katikati yao. Kitu nilichokisikiliza peke yangu gizani huko Goma, nikidhani kinanihusu mimi tu, kilikuwa pale nyuma yangu kikichezwa na mama muuza ndizi.

Lakini mlimani majembe yalikuwa yamesimama. Watu walikuwa wima, mikono juu ya macho, wakitazama barabara. Hakuna aliyekimbia. Mmoja akainama, akaanza tena kulima. Mwingine naye. Nikapumua. Kisha nikatafuta kitenge cha njano, na shambani kwetu hapakuwa na mtu.

Nilimvuta rafiki yangu mkono. Alikuwa ameloa jasho, nywele zimejaa nyasi.

"Niangalilie mlima."

"Si ungojee kidogo? Wimbo hii njo ile yetu."

"Dada hayuko shambani."

Akageuza uso wake kwenye mlima, akaupa mgongo wimbo wake. "Enda," alisema. "Niko naangalia."

Nilipanda mbio. Njiani, akilini mwangu, nilimwona ameshafika Kirotshe, nikamwona ameanguka mtoni, nikamwona tayari ndani ya lori kupitia njia nyingine. Nilimkuta chini kidogo ya shamba, penye kijito, ameketi juu ya jiwe, jembe magotini.

"Nilijua ni muziki," alisema. "Miguu njo haikujua. Imenifikisha hapa, sasa inakatala kurudi na inakatala kuendelea."

Nikakaa karibu naye. Pale gitaa hazikufika, wala ile sauti ya mwimbaji. Zilifika ngoma za miguu peke yake, na zilikuwa mbaya kweli, hata kwangu. Nikaanza kumweleza. Nilimwambia kwamba ni ngoma moja kubwa, kwamba kuna vyuma viwili vya kukanyaga, kwamba mguu wa kuume unapiga na wa kushoto unajaza, kwamba kasi hiyo mtu huifikia kwa miaka ya mazoezi.

"Nyamaza kwanza," alisema.

Akasikiliza akiwa amefumba macho, vidole vimeshika mpini.

"Miaka hii yote ninakimbia mulio," alisema. "Sijaona hata siku moja kitu chenye kulia. Ninasikia, ninakimbia. Hii ya leo, naweza kuiona?"

"Iko juu ya kamio. Kila mutu anaiona."

"Basi unishike mukono."

Tulishuka taratibu. Kila ngoma zilipolia alisimama, na zilipotulia tukaendelea. Tulifika ubavuni mwa lori kati ya wimbo na wimbo. Mpiga ngoma alikuwa kijana mrefu, kifua wazi, miguu bila viatu, ameketi juu ya dumu la mawese. Nilimwambia kwamba dada yangu anaomba kuona jinsi anavyopiga. Kijana alitazama jembe begani mwa dada.

"Mama, unataka kunipiga?"

"Bado," dada alijibu.

Watu wa karibu walicheka. Kijana akasogea pembeni ili miguu yake ionekane. Alikanyaga mara moja. Akakanyaga kwa mguu wa pili.

"Rudia," dada alisema. "Polepole."

Akarudia, kuume, kushoto, kama mtu anayetembea. Halafu akaongeza kidogo, halafu zaidi, na dada akiwa ameinama anaangalia nyayo zile, mwendo ukageuka mbio, na mbio zikageuka mlio ule wenyewe. Kucha za dada ziliingia kwenye mkono wangu. Hakuondoa macho.

"Ni miguu tu," dada alisema kijana alipoacha.

"Ni miguu, Mama. Na inauma." Akamwonyesha dole gumba lililofungwa kitambaa.

"Paka mawese. Umeikalia, na unateseka?"

Wimbo wa mwisho ulikuwa mkali kuliko yote, na kijiji kizima kilijitupa chini kwa furaha. Hata Papa mwenye depo, kofia mkononi. Dada alibaki amesimama. Mimi pia, kwa sababu alikuwa bado amenishika.

"Ni muchezo, dada," nilimwambia sikioni. "Bantu bote banalala."

"Mimi nimelala chini ya kutosha," alisema.

Akasimama hivyo hadi mwisho, katikati ya migongo ya watu. Mpiga ngoma alikuwa akimtazama yeye anapopiga, nadhani kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumtazama.

Jenereta ilizimwa saa kumi kamili. Ngoma zikafungwa kwa kamba kati ya madumu yaliyobaki, na shoferi akatoa kichwa dirishani.

"Mama wa Kirotshe, panda. Tunaenda."

Dada alilitazama lori. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, kuhusu baba, kuhusu shamba, kuhusu mimi, na nikaona kwamba yote yalikuwa ya kumshika kwa nguvu, nikayameza.

"Pale pangu weka mutu mwingine," alisema hatimaye. "Iko mistari sijamaliza."

"Mama, nilikuwekea mbele."

"Weka mutu mwingine."

Akageuka, akaishika njia ya mlima. Sisemi kwamba alipona. Mlango ulipojibamiza wiki iliyofuata, alitoka tena nyuma ya nyumba, ingawa siku hiyo alirudi mwenyewe, akaufunga. Jioni ile ya tamasha, mwanzoni nilitaka kubaki na wenzangu waliokuwa wakisimuliana kila wimbo kwa mikono, na wakanikaribisha nikae. Badala yake niliazima jembe kwa mama muuza ndizi, nikamfuata. Juu kule alinionyesha mahali pa kuanzia. Nikaanza kulima huku nikiangalia barabara, lori likipotea kwenye kona, na kuwaza kama watafika salama, na kama yeye kesho atajuta.

"Angalia chini," alisema. "Unakanyaga maharagwe."